Baba Aliyebaki Uani

Neno mama wa nyumbani limetulia katika lugha yetu kama chungu juu ya mafiga, wala hapana anayejishughulisha kuuliza lilianzaje. Lakini ligeuzwe upande mmoja tu, pasemwe baba wa nyumbani, na papo hapo baraza hugawanyika, huyu akacheka, yule akasikitika, na wa tatu akauliza kwa sauti ya chini kama bwana huyo hakulishwa limbwata. Katika miji ya Njombe na Makambako, ambako baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu karibu na jiko na kuyarefusha mazungumzo, jambo hili husemwa sana na kufafanuliwa kidogo. Wako waonao kuwa ni dalili ya wanaume kuporomoka, na wako waonao kuwa ni alama ya ustaarabu mpya. Na ajabu ni kwamba aghalabu pande mbili hizo hazimsemi mtu mmoja. Kabla ya kupima hoja za huyu na za yule, yafaa kwanza kumjua anayebishaniwa.

Watu kadhaa ndani ya jina moja

Jina hilo limevishwa watu wasiofanana. Yuko mwanamume aliyekosa kazi, ambaye yu nyumbani kwa kuwa hana pa kwenda, na ambaye mtoto akilia humwita jirani. Yuko marioo, ambaye hula jasho la mwanamke na jioni akaenda kilabuni kunywa ulanzi kwa fedha za mwanamke huyo huyo. Yuko mgane aliyeachiwa watoto na mauti, naye katika mkoa wa Njombe si mtu wa nadra. Kisha yuko mume aliyeafikiana na mkewe, kwa kauli au kwa kunyamaziana, kwamba mke atoke kwenda zamu ya hospitali, darasani au sokoni, na yeye abaki na mtoto ambaye hajafikia umri wa darasa la awali.

Wale wawili wa mwanzo wanapochanganywa na huyu wa mwisho, kejeli inayowastahili wao humwangukia asiyestahili. Na yeye anaposifiwa, wao hujificha nyuma ya sifa zake. Nusu ya ubishi ungekwisha kama watu wangetenga kukaa nyumbani na kulea, kwani mambo hayo mawili hukutana mara chache kuliko inavyodhaniwa. Tena baba huyo mlezi, kwa hali ya Njombe, mara nyingi ni mlezi wa nusu siku: ana shamba la viazi au miti ya parachichi karibu na nyumba, au ana pikipiki ya bodaboda anayoiwasha mke akisharejea. Mwanamume anayeshinda uani siku nzima, mwezi baada ya mwezi, yupo, ila ni mmoja kati ya wengi. Naye ndiye anayebeba lawama za wote.

Namna ua ulivyobaki mtupu

Anayedai kwamba mila ya Wabena na ya jirani zao Wakinga, Wapangwa na Wahehe ilimweka baba mbali na watoto tangu kale, hana budi kuitazama historia kwa uangalifu zaidi. Chini ya utawala wa Waingereza, Njombe ilihesabiwa kuwa hazina ya vibarua: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, fedha taslimu ilikuwa adimu vilimani, na wanaume wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, au wakaandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako waliitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa nambari kuliko kwa majina. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, na safari ya kibarua ikawa jambo lenye ofisi na utaratibu. Mwanamume alipoondoka kwa mwaka au zaidi, mkewe alibaki na jembe, na kuni, na wazee, na mtoto mgongoni. Haina maana kwamba kabla ya hapo akina baba walikuwa wakikoroga uji; la, hasha. Ina maana kwamba baba asiyeonekana uani, tunayemdhania kuwa urithi wa mababu, kwa sehemu kubwa ni urithi wa kodi na mkonge.

Mambo ya baadaye yaliuongeza utupu huo kwa njia nyingine. Makambako ilikua kwa kuwa ni njia panda, mahali ambapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, na ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970, ina kituo chake. Na mji wa njia panda huwachukua wanaume kwenye malori na wanawake kwenye biashara, mpaka nyumba ikabaki na wasioweza kwenda popote. Upande wa Njombe, mbao, chai na sasa parachichi zimeleta fedha, lakini fedha hizo hutaka mikono, na mikono iliyo karibu zaidi ni ya mama.

Zamani pengo hili lilizibwa na dada mkubwa wa miaka kumi au kumi na miwili, yaya asiye na mshahara. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, dada huyo ana sababu moja pungufu ya kubaki nyumbani, jambo la kushukuriwa na kila mwenye insafu. Dada aliyemaliza shule naye huenda mbali: Iringa na Njombe zimejulikana miaka mingi kuwa chemchemi ya wasichana wa kazi za ndani wa Dar es Salaam, hata mkoa unaowapelekea wengine walezi hubaki ukijiuliza nani awalee wake. Bibi, aliyekuwa tegemeo la mwisho, amelemewa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, na ugonjwa ulioanza kuua vijana kabla dawa hazijaenea uliwaachia mabibi wajukuu wengi kuliko nguvu zao. Hatimaye, mwanzoni mwa mwaka 2019, habari za watoto waliotekwa na kuuawa Njombe zilipoitikisa nchi, hata mzazi aliyezoea kumwacha mtoto achezee njiani alijikuta akiuliza swali ambalo hapo kabla halikuwa na haraka: mchana mtoto huyu yuko na nani?

Shibe ya ghala na njaa ya mtoto

Jibu la swali hilo linaonekana katika takwimu ambayo kila ofisa wa mkoa huitaja kwa fadhaa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kwa taifa zima ni asilimia 30, na Iringa iliyo jirani ikaizidi hata Njombe. Huu ni mkoa wa mahindi, maharage, viazi mviringo na maziwa. Ghala limejaa, na mtoto ni mfupi kuliko umri wake. Sababu ni nyingi, zikiwemo maradhi, maji, na afya ya mama tangu mimba. Lakini iko moja inayohusu moja kwa moja habari ya baba aliyebaki uani, nayo yataka kutazamwa kwa karibu.

Chukua mtoto wa miezi kumi na minne. Tumbo lake ni dogo, na Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto wa umri huu anayenyonya apewe mlo mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na kitu cha kutafuna katikati. Mama huondoka saa kumi na mbili alfajiri, ukungu ungali umelala bondeni, akiwa amemnyonyesha na kumpa uji mwepesi. Huacha bakuli la ugali na maharage lililofunikwa sahani. Ifikapo saa nne chakula kimepoa, ugali umefanya ngozi juu, mtoto huonja vijiko viwili, akageuza uso, na kaka yake wa miaka sita, ambaye ndiye aliyeachiwa amri ya nyumba, humalizia bakuli kwa nia njema kabisa. Saa nane mtoto hulala kwa uchovu unaofanana na shibe. Mama hurejea saa kumi na moja, kuni zimeloa, moto huchelewa, na chakula cha jioni kinapoiva mtoto amekwisha sinzia. Hapana aliyemnyima, kilichokosekana si unga.

Mtu mzima akiwapo saa nne ile, mambo hubadilika kwa vitendo vidogo mno kusifiwa: huupasha uji, huutia karanga zilizotwangwa, huponda nusu ya parachichi, kisha huketi juu ya kigoda na kungoja, kwa maana mtoto hukataa, huzunguka ua, na hurudi. Kazi hiyo ina jamaa zake: nepi ambazo katika ukungu wa Njombe hazikauki kwa siku mbili na hutundikwa juu ya mafiga hadi zinukie moshi, jiko la mkaa ambalo lazima litolewe nje kabla mlango haujafungwa, maana hewa yake huua watu usingizini, na kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo na vipimo vya uzito. Baada ya miezi sita ya kwanza, ambayo ni ya maziwa ya mama pekee, kazi hizi hazitaki kifua. Zataka mtu mzima mwenye saa.

Hoja ya wanaokataa

Hata hivyo haifai kuwapuuza wanaokataa, kwani hoja zao zina uzito kuliko tashtiti zinazowatoka. Wanasema, kwanza, kwamba dini zimempa mume wajibu wa riziki: Mwislamu anajua kuwa matumizi ya mke na watoto ni juu ya mume, na Mkristo anakumbuka onyo la Paulo kwa Timotheo juu ya asiyewatunza wa nyumbani mwake. Wanasema, pili, kwamba mume asiye na kipato hupoteza sauti katika nyumba yake na katika ukoo, na kwamba mtu aliyepoteza sauti huitafuta kilabuni au kwa ngumi. Tatu, nayo ndiyo hoja nzito kupita zote, wanasema kwamba nyumba yenye mshahara mmoja ni kigoda cha mguu mmoja. Mwalimu akihamishwa, au mchuuzi akipatwa na ugonjwa, watu watano hulala bila kitu.

Hoja ya dini inadai watu walishwe. Haisemi mkono wa baba ni haramu kwa kijiko. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara mkubwa kabla ya kuolewa na Mtume, na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani mwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia ahali zake. Hoja ya sauti ni ya kweli, lakini yafichua zaidi ya inavyokusudia: ikiwa asiyeleta fedha hana sauti, basi mama wa nyumbani ameishi bila sauti miaka yote hiyo, na hapana aliyeiona kuwa msiba. Hoja ya mshahara mmoja haina jibu jepesi, nami nitairudia.

Wako pia wanaosema kwamba maumbile yamekataa, kuwa mwanamume hakuumbwa kulea kitoto. Hao wangefaa kwenda kandokando ya Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania, ambako baba wa Kihadzabe huwabeba na kuwachezesha watoto wake wachanga, ilhali jirani yake Mdatoga, mfugaji, huiona kazi hiyo kuwa ya wanawake. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2009 walipima homoni ya kiume, yaani testosteroni, katika jamii hizo mbili. Kwa Wahadzabe wakakuta akina baba wana kiasi kidogo kuliko wanaume wasio na watoto, na kwa Wadatoga wakakosa tofauti. Kipimo kimoja hakimalizi shauri, walakini inaelekea kwamba mwili nao hufuata desturi ya ua uliomo.

Hoja ya wanaounga mkono

Wanaounga mkono huanza na hesabu. Muuguzi aliyepangiwa kituo Makambako ana mshahara kila mwezi, na mumewe hupata kwa msimu; mmoja akilazimika kubaki na mtoto, hesabu husema abaki yule ambaye kubaki kwake kunagharimu kidogo. Kisha huleta hoja ya mtoto, ambayo tumeiona katika bakuli la saa nne. Mwisho husema kwamba baba aliyelea humfahamu mwanawe, hujua homa kabla haijapanda, na haambiwi jina la mwalimu wake na jirani.

Yote haya ni haki. Lakini upande huu nao una udhaifu ambao wasemaji wake huupitia kwa haraka. Hesabu ya mshahara inawahusu walioajiriwa, na wengi wa Njombe ni wakulima, ambao kwao hapana mwenye mshahara na asiye nao: siku ya kupalilia viazi mikono yote minne hutakiwa shambani, na baba akibaki uani, jembe lake huongezwa juu ya jembe la mama. Tena katika nyumba si haba, baba anayeitwa mlezi hushika mtoto tu. Kupika, kufua na kuchota maji humngoja mama arudi kutoka zamu, hata mama huyo akawa na kazi mbili na mumewe akawa na sifa mbili. Liko pia jambo la kuudhi kidogo katika sifa zenyewe: mwanamume akionekana sokoni na mtoto mgongoni hupigiwa vigelegele kwa kitendo ambacho wanawake mia walio sokoni hapo wanakifanya bila hata kutazamwa.

Bibi, msichana wa kazi na kituo

Si kweli kwamba uchaguzi ni kati ya mama na baba peke yao. Bibi yupo, tumekwisha kusema hali yake. Msichana wa kazi apatikanaye kwa malipo ambayo nyumba ya kawaida huyamudu mara nyingi ni mtoto mwenyewe, na kumtoa binti wa watu shuleni ili kumlea wako ni kuhamisha dhambi, si kuitubia. Kituo cha kulelea watoto mchana ndilo jibu lenye matumaini, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto tangu mimba hadi miaka minane. Lakini kituo humfaa zaidi mtoto aliyekwisha kutembea na kusema, na wa mwaka mmoja bado anabaki mikononi mwa nyumba.

Sheria isiyomjua

Sheria za nchi ziliandikwa bila kumfikiria baba huyu, na hapo ndipo hatari yake kubwa ilipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Baba humpa siku tatu, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya hutoa majuma mawili. Siku tatu zatosha kununua vitu vya mzazi na kupokea wageni. Hazitoshi kujifunza kumwogesha mtoto mchanga, na anayekosa mafunzo hayo mwanzo huyaogopa daima.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imefunga mlango mwingine. Kwayo mume sharti amtunze mke kwa malazi, mavazi na chakula, na mke humtunza mume pale tu mume anapokuwa hajiwezi kwa maradhi au jeraha la mwili au akili naye mke ana uwezo. Mume mzima wa afya anayelea hana mahali katika mgawanyo huo. Sheria hiyo hiyo huchukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba heri akae na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, ila mzigo wa kupinga huwa juu ya baba, hata akiwa ndiye aliyemlisha tangu kuachishwa ziwa. Faraja yake iko katika hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakutoka na mgao alioudai, lakini kanuni ilibaki. Na kama kupika na kulea ni mchango kwa mkono wa mke, ni vigumu kuona mantiki itakayoukana mchango huo kwa sababu mkono ni wa mume.

Mizani

Nikiweka pande zote kwenye mizani, naona kwamba swali la kama mwanamume apaswa kukaa nyumbani limeulizwa kwa kichwa chini. Linaloamua ni saa nne ya asubuhi: nani mtu mzima aliye uani, na je, anajua la kufanya? Pale ambapo mama ana kipato cha kila mwezi, mtoto yu kati ya miezi sita na miaka mitatu, na kazi ya baba hugeuzika kufuata msimu, baba kubaki ni uamuzi wenye busara, na anayemcheka aulizwe yeye amemwachia nani wake. Pale ambapo wote wawili ni wakulima, kumweka baba uani siku nzima hakuna faida. La maana zaidi ni kugawana siku, mmoja arudi saa nne na mwingine saa nane, jambo ambalo shamba la karibu huliruhusu na kilabu hulizuia. Na pale ambapo baba hukaa tu, bila kupika wala kuosha, hapana ulezi wa kutetea.

Wakuu nao wana deni. Kwa miaka kadhaa sasa, mahali pengi nchini, mama mjamzito huhimizwa aje kliniki na mwenzi wake, hata akija peke yake hutakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Lakini siku baba anapokuja peke yake, mtoto amefungwa kwa khanga na kadi imo mfukoni mwa koti, benchi zima hugeuka, na la kwanza aulizwalo ni kama mama wa mtoto yuko salama. Anayealikwa kwa amri wakati wa mimba, hapaswi kuwa kioja wakati wa chanjo ya miezi tisa.

Yabaki ile hoja ya mshahara mmoja, ambayo nilisema haina jibu jepesi. Jibu lake lililo karibu ni maafikiano kabla ya kuanza: fedha ya unga, ya sabuni na ya nauli ya kliniki iwekwe mikononi mwa anayeshinda na mtoto, bila kuombwa kila asubuhi kama posho ya kibarua, miti ya parachichi ya baba isiuzwe, na ijulikane ni mwaka gani atarudi kazini. Na pale ambapo wawili hawajaweza kulizungumza hilo, heri baba aende shambani na mtoto apelekwe kwa bibi, ingawa bibi amechoka.